Kitabu nilichokikuta ndani ya friji

Friji yenyewe ilikuwa imekufa zamani. Mwenye nayo, mama mmoja mgeni aliyekuwa akifunga virago Nyali arudi kwao, aliniambia wazi kwenye simu: haigandishi, haipoi, njoo uichukue kwa elfu moja na mia tano. Nikaenda na tuktuk ya mizigo. Nilichotaka ni kompresa tu, ile pampu ya kusukumia gesi. Friji ikifa watu hudhani imekufa yote, lakini sisi mafundi tunajua kwamba hufa kiungo kimoja, vingine vikabaki vizima vikingoja kuzikwa.

Nilipoufungua mlango wake karakana, hapa Majengo, Mombasa, nilikuwa nimeziba pua tayari. Friji iliyozimwa miezi huwa na harufu ambayo ukishaivuta mara moja huisahau hadi kaburini. Sikukuta harufu. Nilikuta vitabu saba, vitano vimesimama kwenye rafu za waya, viwili kwenye droo ya mboga, na soksi iliyotiwa mchele na kufungwa fundo.

Nikampigia simu nikidhani kavisahau. Akacheka. Alisema nyumba ile iko karibu mno na bahari: kila kitabu alichokiweka kabatini kilivimba, kikaota ukungu, na mende wakala gundi ya uti wake. Friji mbovu ina mpira mlangoni, haipitishi hewa ya chumvi wala mdudu, basi akaifanya kabati ya vitabu, na mchele wa kunyonya unyevu. Ndege yake ilikuwa usiku ule ule. Nikae navyo.

Miaka ishirini na mbili natengeneza friji katika mji huu na wazo hilo halikuwahi kunijia.

Vingi vilikuwa vya mapishi. Kimoja cha yoga. Kimoja Kijerumani, sijui hata kilihusu nini. Kilichonikaa mkononi ni kimoja tu, kwa sababu ya jina: *Exhalation*, yaani kuitoa pumzi. Mtu anayeshinda na kompresa kutwa, akiona kitabu chenye jina la pumzi, atakifungua. Mwandishi ni Ted Chiang, Mmarekani. Kitabu ni cha mwaka 2019 na ndani mna hadithi fupi tisa, zote za sayansi ya kubuni. Nyingine zina kurasa chache, nyingine ni ndefu kama kitabu kizima.

Baadaye nilisoma kumhusu nikapata jambo lililonifurahisha kuliko tuzo zake zote. Kazi iliyomlisha huyu bwana miaka mingi ilikuwa kuandika maelekezo ya kitaalamu katika kampuni za kompyuta. Yaani ni ndugu wa wale wanaoandika vile vijitabu vinavyokuja ndani ya boksi la friji, ambavyo mteja hutupa na fundi huokota. Mimi Kiingereza changu nimekijua kwa vijitabu hivyo zaidi ya shule. Nikaelewa kwa nini kitabu chake nilikuwa nakielewa. Hapambi. Anakuambia kitu hiki kinafanya kazi hivi, ukikigusa hapa kitatokea hiki, halafu ghafla unakuta koo limekukaba na hujui ni sentensi gani iliyokufanya hivyo. Alianza kuchapisha mwaka 1990 na hadithi zake zote hazifiki ishirini. Kuna fundi mmoja Mwembe Tayari wa aina hiyo, ukimpelekea redio atakaa nayo mwezi, lakini ikitoka haitarudi tena.

Nilikuwa nasoma mchana kazini, mikono ina mafuta, kwa hiyo nikawa napiga picha kurasa kwa simu na kuzisoma humo. Ilikuwa Ramadhani. Usiku baada ya tarawehe tunakaa barazani Kibokoni, mbele ya nyumba ya ami yangu, mpaka karibu ya daku. Ami ni mdogo wa marehemu baba. Alikuwa baharia miaka mingi, wa chumba cha injini, chini kule kusikoonekana bahari. Usiku wa pili au wa tatu akaniona nimeinamia simu nacheka peke yangu.

"Unacheka na nani?"

"Nasoma hadithi, ami."

"Hadithi hazisomwi kimya kama barua ya deni. Sema tusikie."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta nasimulia kitabu kizima, au nilichokiweza, kwa watu sita au saba wasiofanana kwa lolote: ami, mzee mmoja aliyekuwa mvuvi, muuza kahawa akipita na dele lake, wanagenzi wangu wawili, na vijana wa mtaani waliokuja kwa ajili ya kashata. Na ndivyo nilivyojifunza kwamba hadithi inayokuua ukiisoma yaweza kufa mdomoni ukiisimulia. Nitasema zilivyokwenda, na kama hujakisoma kitabu na hutaki kujua miisho, basi simama hapa.

Ile ya kwanza ilijisimulia yenyewe. Mfanyabiashara wa vitambaa wa Baghdad, Fuwaad ibn Abbas, amesimama mbele ya khalifa anaeleza mambo yaliyomfika. Aliingia duka la fundi mmoja wa chuma na vitu adimu, Bashaarat, akaonyeshwa mlango, au tuseme pete kubwa iliyosimama. Ukipita upande mmoja unatokea miaka ishirini mbele, ukipita upande wa pili unatokea miaka ishirini nyuma. Bashaarat anamsimulia waliopita humo kabla yake. Kuna msuka kamba aliyekutana na nafsi yake ya uzeeni akapewa nasaha, na kuna mfumaji aliyejiibia dhahabu mwenyewe. Hadithi ndani ya hadithi, kama tulivyozoea. Muuza kahawa aliweka dele chini. Hilo kwake ni hasara, kahawa inapoa.

Kilichozua vurugu ni kadari. Kijana mmoja alisema hii haifai, mambo ya mbele ni ghaibu na ghaibu anaijua Mungu peke yake. Ami akamwambia ngoja, sikiliza kwanza. Kwa maana shauri la hadithi hii ni lile lile la wazee wetu: mlango haukubadilishii kitu. Lililoandikwa limeandikwa. Unachoweza kupata ni kulijua vizuri zaidi. Sasa Fuwaad ana lake moyoni. Miaka ishirini nyuma aligombana na mkewe, Najya, akasafiri kwenda Basra kwa hasira, na huko nyuma ukuta wa msikiti ukamwangukia yule mke. Akafa. Anataka kurudi. Lakini mlango wa Baghdad ni mpya, hauna miaka ishirini bado, hauwezi kumrudisha kabla haujajengwa. Wa zamani uko Cairo. Basi aende Cairo, apite, halafu avuke jangwa lote kurudi Baghdad ya zamani kabla ya siku ile.

Anachelewa. Msafara unapata mikasa njiani, na akifika ukuta umeshaanguka. Anachopata ni mwanamke aliyemuuguza mkewe, aliyepewa maneno ya kumfikishia mume: kwamba maisha yake pamoja naye, hata kama ni mafupi, yalikuwa ya furaha. Basi. Hiyo ndiyo faida ya safari yote.

Barazani palinyamaza. Ami alikuwa anazungusha finjani tupu. Shangazi, mkewe, ambaye muda wote alikuwa nyuma ya pazia la mlango akijifanya hasikii, akasema kutoka ndani, "Masikini. Na alikuwa karibu afike."

Nikalala usiku ule najiona msimulizi.

Usiku uliofuata nikaanguka kifudifudi. Nilijaribu ile ndefu kuliko zote, ya viumbe wanaoishi ndani ya kompyuta na kulelewa kama watoto. Kampuni iliyowatengeneza inafungwa, na wenye mapenzi nao wanabaki wakihangaika miaka na miaka jinsi ya kuwatunza. Ukiisoma inakula moyo polepole. Ukiisimulia ni mikutano, mikataba, na mitambo inayopitwa na wakati. Mwanagenzi wangu mmoja alilala ameketi. Nikaiacha katikati, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mwisho wake. Ile ya yaya wa mashine niliiruka. Ile ya ulimwengu ambamo wanasayansi wanakuta ushahidi mtupu kwamba dunia iliumbwa majuzi, miti ya kale isiyo na pete ndani na maiti zilizokauka zisizo na vitovu, niliiogopa. Nilijua nikiisema Ramadhani, barazani, tutafika daku hatujaelewana. Ile ya kitaa kinachowaka sekunde moja kabla hujabonyeza kitufe, hata ufanye hila gani, vijana waliipenda kwa mzaha. Mpaka leo wakinitania hunyoosha kidole na kusema taa imeshawaka, fundi.

Ya kasuku ilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Ni fupi, kurasa tatu nne. Kasuku wa Puerto Rico anasema na wanadamu: mmejenga darubini kubwa kule Arecibo, sahani ya kunasa mawimbi yenye upana wa mita 305, mnaelekeza masikio kwenye nyota mkitafuta wa kuzungumza nao, na sisi tuko hapa msituni pembeni yake, tunasema, na tunakaribia kuisha. Darubini hiyo nayo haipo tena, ilivunjika na kuporomoka Desemba 2020, baada ya kitabu kutoka. Niliposema hilo barazani, mzee mvuvi akaguna akasema sisi hatukuwa na sahani, tulikuwa na meza.

Sikumwelewa. Akaeleza. Yeye ujana wake aliufanyia Ngomeni, juu ya Malindi, na kule Waitaliano walikuwa na jukwaa la chuma limesimama baharini kwa miguu, San Marco, wakirusha roketi. Aliona moto ukipanda kutoka majini. Nikamwambia roketi moja katika hizo ilibeba satelaiti inayoitwa Uhuru, Desemba 12 mwaka 1970, siku yetu ya uhuru ikitimiza miaka saba, na hiyo ndiyo satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa makusudi kutazama miale ya eksirei inayotoka angani. Ndiyo iliyosaidia wanasayansi kuamini kwamba kuna nyota zilizoporomoka zikawa mashimo meusi. Mzee akanitazama kwa muda.

"Sisi tuliambiwa tu tutoe ngalawa zetu."

Nikawaza sana kuhusu jibu hilo. Yule kasuku angelielewa.

Kijana wa ghaibu, yule yule, akasema lakini hizi zote ni hadithi za Wazungu, sisi hatuna za anga. Hapo nilipandwa na moto kidogo. Nikamtajia *Walenisi*, riwaya ya Katama Mkangi, mtoto wa pwani hii hii, ya mwaka 1995. Mtu anahukumiwa, anatiwa katika chombo cha angani cha kumwangamiza, naye anakiongoza mpaka kwenye sayari nyingine ambako watu wanaishi kwa usawa. Vunja jina la sayari: wale ni sisi. Tena hiyo haikuandikwa na mtu aliyekaa raha. Mkangi alikuwa ameonja kizuizini miaka ya themanini kwa sababu ya mawazo yake. Kijana akasema hajaisoma. Nikamwambia najua.

Sasa nije kwenye ile iliyokipa kitabu jina lake, ambayo ndiyo sababu ya mimi kuandika haya.

Msimulizi wake ni kiumbe wa chuma. Wote ni wa chuma katika ulimwengu wao. Kila siku huchomoa mapafu mawili yaliyoisha hewa na kutia mengine yaliyojaa, kwenye vituo ambako bomba la hewa linatoka chini ardhini. Huko ndiko watu hukutana na kupashana habari. Siku moja inagunduliwa kwamba mtangazaji wa mji, ambaye kila mwaka mpya husoma tenzi zinazochukua saa moja kamili, hajamaliza na saa ya mnara imeshagonga. Mji wa pili vivyo hivyo. Saa zote zakimbia? Wanazikagua, nzima. Basi huyu msimulizi, ambaye ni mtaalamu wa viungo, anajifungia ndani, anapanga vioo, anajifungua ubongo wake mwenyewe akautazame ukifanya kazi. Anakuta mawazo yake si maandishi yaliyochongwa popote. Ni vijipande vyembamba vya dhahabu vinavyoshikiliwa na hewa inayopita, na mpangilio wa hewa ile ndio yeye. Saa ziko sawa. Wanaopungua mwendo ni wao. Hewa ya nje inazidi kuwa nzito, ya ndani inapita kwa shida, na fikra zinakwenda polepole.

Nilipoisimulia barazani ilikufa vibaya kuliko ile ndefu. Nilisema tu "watu wa chuma" na vijana wakaanza na maroboti ya sinema. Vituo vya kubadilisha mapafu wakavielewa haraka, kwa sababu hakuna mtu Mombasa asiyejua foleni ya mitungi maji yakipotea, na kwamba foleni hiyo ndiyo gazeti la mtaa. Lakini niliposema wataalamu wakagundua kwamba hewa haijapungua, iko ile ile yote, ila itakuja kuwa na nguvu sawa kila mahali na hapo kila kitu kitasimama, ami akasema, "Kama hewa ipo, wanakufa nini?"

Nikaeleza. Hakuna aliyeelewa. Nikaeleza tena kwa sauti kubwa zaidi, jambo ambalo halijawahi kumsaidia mtu.

Kesho yake adhuhuri nikamwomba ami aje karakana.

Hapa lazima niwaambie kitu kuhusu kazi yangu. Mteja akiingia, kabla hata ya salamu, husema, "Fundi, gesi imeisha." Gesi ya friji haiishi. Friji si jiko. Gesi iliyotiwa kiwandani ndiyo hiyo hiyo inayozunguka miaka kumi na tano, haichomwi, haitumiki, na isipopata tundu la kuvujia iko pale pale. Kinachofanya kazi si gesi. Ni kwamba kompresa inaisukuma upande mmoja ikawa na presha kubwa, ikapoa na kuwa kimiminika, halafu kuna kijibomba chembamba kama unyasi, kapilari, kinachoiachia ipenye kidogo kidogo kwenda upande wenye presha ndogo. Ikitoka pale inachemka, na kwa kuchemka inabeba joto la nyama na maziwa yako. Tofauti ya presha za pande mbili ndiyo friji. Ikikosekana tofauti una kabati lenye gesi.

Nina friji moja niliyoipasua tumbo kwa ajili ya kufundishia wanagenzi, nikaitia milango miwili ya geji, yaani vipima presha, mpira wa bluu upande wa presha ndogo, mwekundu upande wa kubwa. Nikaiwasha. Sindano ya bluu ikashuka mpaka karibu na sifuri, nyekundu ikapanda ikapita 150. Mabomba ya ndani yakaanza kuota jasho jeupe. Ami akagusa, akaunguzwa na baridi, akacheka.

"Presha naijua kabla hujazaliwa," akasema.

"Najua. Tazama sasa."

Nikachomoa waya. Kompresa ikatetemeka mara moja ikanyamaza. Kwa muda hakuna kilichoonekana. Halafu sindano nyekundu ikaanza kushuka, polepole, na ya bluu ikaanza kupanda. Tulikaa juu ya makopo ya rangi tunazitazama. Kelele za Majengo ziko nje, matatu, muuza samaki, adhana ya adhuhuri ikianza msikiti mmoja na kudakwa na wa pili. Ilichukua dakika tano, labda sita. Sindano mbili zikasogeleana zikafika mahali pamoja, zikasimama.

"Gesi imevuja?" nikamuuliza.

"Haijavuja."

"Imepungua?"

"Ipo yote."

Nikanyamaza. Jasho jeupe kwenye mabomba lilikuwa limegeuka matone, na matone yanaanguka sakafuni. Ami alikuwa anatazama sindano kama mtu anayesoma. Mtu aliyekaa miaka karibu na boila za meli hahitaji kuambiwa mara mbili.

"Na hao wa chuma," akasema mwishowe, "hawana wa kuwachomekea waya tena."

"Hawana. Ulimwengu wao umezibwa pande zote. Waliwahi kutengeneza mtambo wa kuirudisha hewa chini, lakini mtambo wenyewe unaendeshwa kwa hewa ile ile, haukuleta faida."

"Basi huyo msimulizi alifanya nini?"

"Aliandika. Alichonga habari yote kwenye bamba za shaba, ili kama kuna wengine nje ya ulimwengu wao, siku moja watoboe waingie, wasome."

Ami akainuka kwenda kusali. Mlangoni akageuka. "Hiyo uliisimulia vibaya jana," akasema.

Ilikuwa kweli.

Kuna nyingine moja, na hiyo ndiyo iliyonisumbua baada ya mfungo kwisha. Ina hadithi mbili zilizosukwa pamoja. Moja ni ya mwandishi wa habari wa siku zijazo, ambapo kila mtu ana kifaa kinachorekodi maisha yake yote na kumrudishia tukio lolote papo hapo. Huyu baba anakumbuka miaka yote jinsi binti yake alivyomtupia neno chungu siku walipogombana, kwamba mama aliondoka kwa sababu yako. Anakwenda kulitazama kwenye kumbukumbu ya mashine, na anakuta aliyelisema neno lile ni yeye baba, akimwambia mtoto.

Ya pili ni ya kijana wa Kitiv, Nigeria, Jijingi, mwaka 1941, anayefundishwa kuandika na mmishonari. Unazuka mjadala ukoo upi ni jamaa wa karibu wa ukoo upi. Karatasi za serikali ya kikoloni zinasema hivi, wazee wanasema vile. Jijingi anakwenda kuzisoma karatasi na kurudi na jibu, na mzee wake anamshangaa: umekuwa Mzungu kiasi cha kuamini karatasi kuliko watu wako? Katika hadithi Wativ wana maneno mawili ya ukweli. Ule wa kipimo, jambo lilivyotukia hasa, ni *vough*. Ule wa haki, unaofaa na kutengeneza mambo, ni *mimi*.

Nilisoma mstari huo mara tatu. *Mimi!* Msomaji wa Kiingereza hupita hapo bila kujikwaa. Msomaji wa Kiswahili anajikwaa mpaka kucha inang'oka. Nilipowaambia barazani palichafuka. Kuanzia siku hiyo mtu akishindwa hoja hujipiga kifua akasema, "Kwa Kitiv, ukweli ni mimi," na mjadala ukafungwa.

Lakini utani kando, kila familia mjini hapa sasa ina kile kifaa. Kinaitwa kundi la wasapu. Kwetu palikuwa na ubishi nani aliahidi nini kwenye harusi ya binti wa shangazi, ubishi mdogo tu ulioelekea kutulizwa kwa njia ya kawaida, wazee wawili wakae, kila mmoja akubali alisahau kidogo. Binamu yangu akatafuta sauti ya miezi minane nyuma, akairusha kundini. Ikasikika wazi, sauti ya mjomba, kiasi, siku, kila kitu. Binamu alikuwa na haki kwa kila neno na mpaka leo hakuna anayemwalika futari. Mjomba alilipa, na akatoka kundini. Nilikuwa upande wa binamu wakati ule. Mimi ni mtu wa geji. Sindano ikisema 150 ni 150.

Sasa sikilizeni kilichonipata mwezi uliopita.

Nilikuwa kwenye karamu ya harusi Kisauni, upande wa wanaume, tumekaa wanne kwa sinia moja ya pilau. Simjui hata mmoja. Mwenye umri mkubwa kidogo, mtu wa miaka hamsini hivi, lafudhi ya Kiamu, akaanza kuwasimulia wenzake. Palikuwa na mfanyabiashara wa vitambaa wa Lamu. Aligombana na mkewe akasafiri kwa hasira, nyuma yake ukuta wa msikiti ukamwangukia mke akafa. Miaka ishirini baadaye akasikia kwamba Unguja kuna mfua fedha mwenye mlango wa pete, ukiupita unatokea miaka ishirini nyuma.

Tonge ikanisimama mkononi.

Basi akaenda Unguja, akapita, akatafuta jahazi la kumrudisha Lamu. Lakini kusi haijaanza. Jahazi zote zimelala bandarini zinangoja upepo. Siku zinakwenda, mtu anazihesabu kwa vidole, anatembea pwani na kuinua uso atafute upepo. Hata mmoja wetu hakuwa anakula. Hatimaye kusi ikavuma, chombo kikang'oa nanga, na yule mtu akafika Lamu usiku wa kuamkia siku yenyewe. Akagonga mlango. Mke akafungua, akamwona mumewe mvi zimejaa kichwani, akadhani ni mzee wa jamaa. Yule mtu akamwambia nisamehe. Mke asijue kwa lipi hasa, kwa sababu kwake ugomvi ulikuwa wa juzi tu, na yeye alishausahau. Akasema nimekusamehe, baba, pita unywe maji. Akanywa maji. Asubuhi ukuta ukaanguka kama ulivyoandikiwa.

Jamaa mmoja akasema, "Subhanallah."

Nikauliza, kwa upole kadiri nilivyoweza, hadithi hii kaipata wapi. Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini bahari ina chumvi.

"Hii? Hii ya kale, bwana. Marehemu nyanya yangu akitusimulia tukiwa watoto."

Simu ilikuwa mfukoni na picha ya ukurasa ule imo ndani, wino na alama ya kidole changu cha mafuta pembeni. Nikaiacha ilipo. Nikamwambia ni nzuri sana, kisha nikamsogezea kachumbari, maana ilikuwa upande wangu na yeye alikuwa hajapata.